Mwongozo kamili wa kuleta kijiko au mtambo mzito kwa meli: pima njia ya saiti kwanza, meli itafuata

Watu wengi wakinipigia kuhusu mzigo mkubwa swali lao la kwanza ni "meli bei gani?" na mimi nawarudishia swali, mtambo wako unaenda kukaa wapi? Usiniambie Dar wala Mbeya, nataka kijiji, nataka ile barabara ya mwisho kabisa ya vumbi yenye kalvati lililopasuka na waya wa umeme umening'inia. Nimeshaona kijiko (ile mashine ya kuchimbia, ekskaveta) kimevuka bahari salama salimini, kimeshuka bandarini bila mkwaruzo, alafu kikakwama kilomita chache kabla ya mgodi kwa sababu ya kidaraja ambacho hakuna mtu aliyeenda kukiangalia. Mwenye mali alilipia lobedi, lile tela la chini la kubebea mitambo, imesimama porini siku nane. Hiyo pesa ingetosha kumlipa mtu aende na pikipiki na futi ya kupimia mara ishirini.

Kwa hiyo mwongozo huu naupanga kinyume kidogo, tunaanza saiti tunarudi hadi bandari ya ng'ambo, alafu ndo tunaongea na kampuni ya meli. Mfano wetu ni kijiko cha tani 22, urefu mita 9.5, upana mita 3, kimo mita 3, kimenunuliwa Ubelgiji kinapandia meli Antwerp, kinaenda Chunya kwenye dhahabu. Ukiwa Kenya, Uganda au Kongo badilisha majina ya barabara tu, mambo mengine ni yaleyale.

KWANZA, TEMBEA NJIA

Chukua mtu mwenye akili zake, dereva wa lobedi ndo mzuri zaidi, atoke saiti kurudi Dar akiandika kila kitu. Chunya, Mbeya, Makambako, Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro, Dar. Apime upana wa kila daraja dogo, aulize uwezo wake wa tani kwa wenye barabara, apime nyaya zinazokatiza juu. Hesabu ya kimo ni rahisi, kijiko mita 3 na sakafu ya lobedi iko kama mita moja kutoka chini, tayari uko mita 4, na bado barabara ya matuta inairusha gari juu. Kama boma, yaani mkono mrefu wa kijiko, halijakunjwa vizuri unaongeza tena.

Kitonga, ule mlima kabla ya Iringa, isikutishe ila iheshimu. Ukitoka Dar unaipandisha, kona zimebana, gari refu likikata kona linakula njia zote mbili huku malori ya kutoka Iringa yanashuka na mzigo. Pale lazima mtu asimamishe magari ya juu kabla hamjaanza kupanda, msipange "tutaona tukifika". Mikumi nayo barabara inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50, kuna mwendo maalum na kuna wanyama, na mzigo mpana haukwepeshi twiga.

Jambo la pili ni mvua. Nyanda za juu kusini zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na barabara za vumbi za migodini kipindi hicho ni uji. Weka lengo la kufika saiti kati ya Juni na Oktoba, alafu hesabu kurudi nyuma, siku za barabarani, siku za bandarini, siku za baharini, siku za kusubiri meli. Utakuta tarehe ya kununua mashine inaangukia mapema kuliko ulivyodhani.

Kama unaona naleta maneno mengi kuhusu barabara, angalia mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit. Mitambo 365 ilitoka Mombasa kwenda jangwani, na kabla haijaenda ikabidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ifanyiwe kazi upya. Wataalam wa dunia nzima wenye pesa zao walianza na barabara, sasa wewe mwenye kijiko kimoja utaanza na nini?

VIPIMO, NA HAPA USIMWAMINI MTU

Usichukue vipimo vya kwenye brosha. Brosha inasema mashine kama ilivyotoka kiwandani, wewe umenunua iliyotumika, mwenyewe wa kwanza aliweka trakisheni (ile mikanda ya chuma inayotembelea) pana zaidi, aliongeza bafa, alifunga ndoo kubwa ya mawe. Muombe muuzaji apime upya, apige picha futi ikionekana kwenye picha, urefu, upana, kimo, na uzito kwenye mzani na risiti ya mzani. Boma likunjwe vile litakavyosafiri ndo lipimwe.

Kwanini nakazania hivi? Kwa sababu meli inalipisha kwa tani au kwa mita za ujazo, chochote kikubwa. Kijiko chetu ni 9.5 mara 3 mara 3, ni mita za ujazo 85.5, wakati uzito ni tani 22 tu. Kwa hiyo unalipia 85.5. Kama boma limesimama vibaya na kimo kikawa 3.4, unaruka hadi 96.9, yaani umelipia mita 11.4 za hewa. Mara nyingine kutoa ndoo na kuiweka kando au kukunja boma vizuri kunakuokolea pesa kuliko kubembeleza punguzo wiki nzima.

Na kama uliandika kidogo kuliko ukweli, bandarini watapima wenyewe, alafu utalipa tofauti au mzigo utaachwa kabisa meli iondoke. Mteja wangu mmoja ilimkuta, alitumia karatasi ya zamani, mashine ikabaki kwenye yadi ya ng'ambo ikisubiri meli nyingine huku storeji inapanda kila siku. Kosa lilikuwa na mimi pia kwa sababu niliipokea ile karatasi bila kuomba picha. Tangu siku ile bila picha ya futi siandiki chochote.

Kitu kingine cha kuomba ni uzito umelalia wapi. Mashine nyingi uzito hauko katikati, kijiko kina chuma kizito nyuma, transfoma inaweza kuelemea upande mmoja. Iwekewe alama ya rangi pale uzito unapobalansi na alama za sehemu za kunyanyulia. Mwendesha winchi (krini) akikosea hapo mzigo unapinduka hewani.

ROLIROLI, FLATRAKI AU MELI YA WINCHI NZITO?

Kontena la kawaida lisahau, mlango wake hauzidi mita 2.34 upana. Una njia tatu za kweli.

Roro, au wengi wanaita roliroli, ni ile meli kama ghorofa la kupaki magari. Kitu chochote chenye magurudumu au trakisheni kinachojiendesha kinaingia chenyewe, na kisichojiendesha kinawekwa juu ya tela la chini la bandarini kikavutwa ndani. Kwa kijiko chetu hii ndo chaguo langu bila kufikiria mara mbili, hakinyanyuliwi hewani, kinakaa ndani hakipigwi na maji ya chumvi, na Dar ina gati namba sifuri iliyojengwa kwa ajili ya meli hizi. Masharti ni mashine iwake, iende, isimame. Betri mbovu inaweza kukugharimu kuvutwa bandari zote mbili.

Flatraki ni kontena lisilo na ubavu wala paa, sakafu na ncha mbili tu. Inafaa kama meli za roro hazipiti mara nyingi kwenye bandari yako. Tatizo ni upana, kontena lina mita 2.44, kijiko chetu mita 3, kinatokeza sentimita 28 kila upande. Kontena lingine haliwezi kukaa ubavuni mwake, na likitokeza juu haliwekwi kitu juu yake, sasa zile nafasi zote zinazopotea unalipia wewe. Watu wanashangaa bei ya flatraki moja inakuwa kama kontena kadhaa, sababu ndo hiyo. Alafu kumbuka flatraki ni mali ya kampuni ya meli, siku za bure zikiisha hujairudisha inalipishwa kila siku.

Njia ya tatu ni meli za mizigo mizito zenye winchi zao wenyewe. Hapa ndo unakutana na majina kama BBC Chartering, SAL Heavy Lift ya Ujerumani na BigLift ya Uholanzi. SAL wana meli zenye winchi mbili za tani 1,000 kila moja, zikinyanyua pamoja ni tani 2,000. Kwa kijiko kimoja ni kuua mbu kwa rungu, lakini kwa transfoma, boila, kichwa cha treni au mabomba marefu hakuna mbadala, sababu bandari nyingi zetu hazina winchi ya nchi kavu ya uzito huo, meli inajishushia yenyewe. Mabomba ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani Tanga yana urefu wa mita 18 kila kimoja, hapo kontena la futi arobaini halikusaidii kitu.

Usichanganye hao na kampuni kama Mammoet ya Uholanzi au Sarens ya Ubelgiji. Hao kazi yao kubwa ni kunyanyua na kusukuma nchi kavu, matela yenye magurudumu mamia na winchi kubwa sana. Mammoet pamoja na Smit ndo waliotoa ile nyambizi ya Urusi, Kursk, chini ya bahari mwaka 2001. Mradi mkubwa unawahitaji wote, wa baharini na wa nchi kavu, na mtu mmoja wa kuwaunganisha.

KUCHAGUA KAMPUNI NA KUISOMA KWOTESHENI

Uliza maswali haya na usione aibu. Mmewahi kubeba mzigo kama huu kuja bandari hii, nionyesheni picha na plani ya kunyanyua. Nyie ndo wenye meli au mnanunua nafasi kwa mwingine? Lobedi ni yenu au ya kukodi, kama ya kukodi mkataba uko wapi? Wakala wenu Dar ana leseni inayofanya kazi mwaka huu? Kampuni nzuri inajibu kwa karatasi. Kampuni inayokujibu "usijali bosi" kila swali, jali.

Kwotesheni ya mstari mmoja ikatae. Nataka kuona nauli ya bahari peke yake, nyongeza ya mafuta, kupakia, kufunga minyororo, kushusha, ada za bandari, wakala, usafiri wa ndani, kibali, eskoti (magari ya kusindikiza). Uliza waziwazi, kupakia na kushusha kumo ndani ya nauli au nalipa mimi? Kwenye mizigo mizito hiki kitu kina masharti tofauti kwa kila mkataba na ndo kinachozaa ugomvi mwingi zaidi. Uliza pia meli inapita wapi. Tangu mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalifanya kampuni nyingi zizungukie Rasi ya Tumaini Jema, siku zinabadilika na nyongeza zinaingia, sasa tarehe wanayokupa ni ya njia ipi?

Na soma kama mzigo utakaa juu ya deki. Juu ya deki ni chumvi, mawimbi, na kwenye karatasi mara nyingi hatari yote inahamia kwako. Kama mtambo una umeme mwingi au kompyuta mimi sikubali deki.

BIMA, TAFADHALI

Watu wanaruka hapa wakidhani meli ikiharibu meli italipa. Bili nyingi za shehena, yaani hati ya meli ya kupokea mzigo wako, zinafuata kanuni za kimataifa za Hague-Visby, na kule kikomo cha malipo ni SDR (kipimo cha pesa cha IMF) 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kubwa kati ya hizo. Kijiko cha kilo 22,000 ni SDR 44,000, na SDR moja inazidi dola moja kidogo tu. Kama ulinunua dola 120,000, nusu ya pesa yako imezama hata ukishinda kesi.

Kata bima ya aina A, ile inayofunika hatari zote isipokuwa zilizotajwa. Aina C ni ya majanga makubwa tu. Sheria ya Tanzania inataka bima ya mzigo unaoingia ikatwe kwa kampuni za ndani, Kenya nao hivohivo, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe bei ya CFR (mashine na nauli ya meli, bila bima), bima ukate mwenyewe nyumbani ambako utawafuata ofisini ukipata tatizo. Hakikisha inaenda mpaka saiti, isiishie getini bandarini.

Bima inakulinda na kitu kingine ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wenye mizigo wote ndani yake. Mzigo wako mzima, haujaguswa, lakini hupewi mpaka utoe dhamana. Mwenye bima, kampuni yake inaitoa hiyo dhamana. Asiyekuwa nayo anatafuta pesa taslimu.

KUOSHA, KUFUNGASHA, KUFUNGA

Mashine ioshwe mpaka chini ya trakisheni, udongo wa shamba la watu unaweza kukwamisha mzigo kwa sababu ya mbegu na wadudu. Mafuta yaachwe kidogo tu kwenye tenki, betri itolewe nyaya au ifuate maelekezo ya meli, ufunguo ufungwe vizuri na wa akiba uje kwako kwa kuria. Redio, vioo na vifaa vidogo vitolewe viwekwe kwenye boksi lenye orodha, picha zipigwe kila upande kabla ya kuingia getini.

Mbao zozote za kuzuia au kreti lazima ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, maana yake zimepashwa moto hadi nyuzi 56 ndani ya mbao kwa dakika 30 au zimefukizwa dawa. Mbao isiyo na mhuri inaweza kukuletea faini au kurudishwa.

Kwenye flatraki uliza mahesabu ya minyororo. Mwongozo wa kimataifa wa kufunga mizigo unasema kwenye bahari mbaya kabisa msukumo wa ubavuni unafika 0.8 ya uzito, kijiko chetu ni kama tani 17.6 zinakisukuma pembeni, mara zisizohesabika, usiku na mchana. Na kama mzigo unawekwa kwenye flatraki, uzito uliothibitishwa ni lazima kabla ya kupakia, sheria hiyo ipo tangu tarehe 1 Julai 2016.

Kunyanyua nako kuna hesabu ambayo kila mwenye mzigo aijue. Nyaya mbili zikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, mzigo wa tani 20 kila waya unabeba kama tani 11.5. Zikilala hadi nyuzi 30 kila waya unabeba tani 20 nzima. Mzigo haujaongezeka, ni pembe tu. Ukiona winchi anatumia nyaya fupi zimelala, simamisha kazi, hata kama watakukasirikia.

MAKARATASI

Hapa nitapita haraka. Invoisi, pakingi listi yenye vipimo vilevile vya kwenye bili ya shehena, bili yenyewe, cheti cha ubora kinachotakiwa na shirika la viwango, TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), bima, na namba ya chasisi na ya injini zinazofanana kila mahali. Herufi moja ikipishana utakaa. Kwenye namba za bidhaa za forodha (HS) kijiko ni 8429, transfoma 8504, krasha ya mawe 8474, mpe wakala akupigie hesabu ya kodi KABLA hujanunua. Nyaraka zianze kushughulikiwa meli ikiwa bado baharini, ikishafika saa ya storeji imeanza.

BANDARINI NA BARABARANI

Lobedi iwe imeshapangwa kabla meli haijafunga gati. Mzigo mzito unashushwa moja kwa moja juu ya gari ukiweza, kuuweka chini alafu kuunyanyua tena ni gharama mbili.

Sasa mzani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka mwisho tani 56 kwa gari na mzigo pamoja, na kila ekseli ina kikomo chake. Kichwa na lobedi tupu si ajabu vifike tani 20, ukiweka kijiko cha 22 ni 42, kwa uzito uko salama. Lakini upana wa mita 3 bado unakufanya uhitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida, kwa wakala wa barabara, Tanzania ni TANROADS, Kenya ni KeNHA kwa barabara kuu. Kingekuwa kijiko cha tani 37 ungefika 57, umevuka hata kwa uzito, hapo fikiria kutoa kile chuma kizito cha nyuma na ndoo vipande viende na gari la pili.

Kibali kinaandikwa njia, tarehe, masaa ya kutembea na aina ya eskoti, na namba ya gari. Gari likiharibika mkabadilisha kichwa, kibali cha zamani hakifai, kwa hiyo omba namba mbadala iingie tangu mwanzo. Mizani ya Vigwaza, Mikumi, Wenda na Makambako wote watataka kukiona. Bendera nyekundu kwenye kona za mzigo, bango la mzigo mpana mbele na nyuma, gari la mbele lenye redio ya kuongea na dereva. Kila kituo dereva na utingo wakague minyororo, ukaguzi wa saa moja ya kwanza ndo muhimu kuliko wote kwa sababu ndo minyororo inapolegea.

Na tafadhali walipe posho yao ya njiani mapema. Dereva mwenye njaa anakimbia, na mzigo mpana haukimbizwi.

KUPOKEA SAITI

Andaa sehemu ngumu, tambarare, ya kushushia, na opereta anayeijua mashine hiyo. Kabla hajaiteremsha zunguka na zile picha za ng'ambo mkononi, linganisha upande kwa upande. Ukiona kidonda andika kwenye karatasi ya kupokelea palepale, dereva asaini. Kwa kasoro zisizoonekana kwa macho una siku tatu tu za kumwandikia msafirishaji wa baharini tangu mzigo ulipokabidhiwa, na siku hizo zinaanza bandarini, sio Chunya, ndo maana ukaguzi wa kwanza mzito ufanyike Dar na surveya (mkaguzi) wa bima awepo. Kufungua kesi una mwaka mmoja. Barua hiyo ya siku tatu iandike nakala uiweke kwenye simu yako tangu leo, ibaki kujaza jina la meli na namba ya bili.